Uchaguzi na Upimaji wa Vifaa vya Mpira wa Magongo kwa Wanafunzi wa Shule za Msingi

UTANGULIZI

Mwalimu anayekabidhiwa kipindi cha michezo katika shule ya msingi hukuta stoo vifaa ambavyo hakuvichagua yeye. Pengine ni mipira miwili iliyoisha upepo, kamba ya kuruka, na fungu la magongo yaliyotolewa na shule ya sekondari ya jirani baada ya kuchakaa. Kwa shauku ya kuanzisha mchezo mpya, huyagawa magongo hayo kama yanavyotoka stoo: anayetangulia hupata la kwanza, na anayechelewa hupata lililobaki. Baada ya majuma mawili darasa huwa limegawanyika. Wako watoto wanaosemwa kuwa wana kipaji, na wako wanaokaa pembeni wakisugua viganja au miguu.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo kwamba mgawanyiko huo mara nyingi hausababishwi na kipaji. Mtoto mwenye kimo cha sentimita 128 aliyepewa gongo la mtu mzima hawezi kulitawala, hata akijitahidi vipi. Akilazimishwa kuendelea hujifunza mkao mbaya, huwaumiza wenzake bila kukusudia, na mwisho huuchukia mchezo. Kwa hiyo kanuni tutakayoifuata ni hii: kifaa kimfuate mtoto, mtoto asikifuate kifaa. Na pale ambapo kifaa cha kinga kimekosekana, mchezo ndio upunguzwe. Usalama usipunguzwe kamwe.

Mpira wa magongo si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Kenya ilipeleka timu ya wanaume katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1956 huko Melbourne, na mwaka 1964 mjini Tokyo ilishika nafasi ya sita. Uganda ilishiriki mwaka 1972 mjini Munich, na Tanzania mwaka 1980 mjini Moscow. Lakini mtoto wa shule ya msingi hachezi kwa ajili ya Olimpiki. Anacheza kwa burudani, kwa afya, na kwa kujifunza kushirikiana na wenzake. Vifaa vyake vichaguliwe kwa kuzingatia lengo hilo.

1. GONGO

(a) Umbo lake

Gongo lina mpini mnyofu na kichwa kilichopinda. Upande wa kushoto wa gongo ni bapa, na upande wa kulia umeviringika. Sheria inaruhusu mpira uguswe kwa upande bapa na kwa kingo zake tu. Upande ulioviringika hautumiki. Kwa mujibu wa sheria za kimataifa gongo lisizidi urefu wa sentimita 105 wala uzito wa gramu 737, na lazima liweze kupita katika pete yenye kipenyo cha milimita 51. Hivi ni vipimo vya juu kabisa. Havimwelezi mwalimu gongo lipi linamfaa mtoto gani.

(b) Urefu

Njia nyepesi ya kupima haihitaji kifaa chochote. Mtoto asimame wima akiwa amevaa viatu atakavyochezea. Gongo lisimamishwe ubavuni mwake, kichwa kikiwa chini. Ncha ya juu ya mpini ifike kwenye mfupa wa nyonga, ule unaojitokeza ubavuni chini kidogo ya kiuno. Likipita mfupa huo kwa zaidi ya upana wa vidole vitatu, gongo ni refu. Likiishia katikati ya paja, ni fupi.

Kwa mwalimu anayeagiza vifaa kabla ya kuwaona watoto mmoja mmoja, makadirio yafuatayo yatamsaidia:

Kimo cha mtoto chini ya sm 120: gongo la inchi 28 (kama sm 71)
Kimo cha sm 120 hadi 129: inchi 30 (kama sm 76)
Kimo cha sm 130 hadi 139: inchi 32 (kama sm 81)
Kimo cha sm 140 hadi 149: inchi 34 (kama sm 86)
Kimo cha sm 150 hadi 159: inchi 35 (kama sm 89)
Kimo cha sm 160 hadi 169: inchi 36 (kama sm 91)

Watu wazima wengi hutumia gongo la inchi 36.5, yaani kama sentimita 93. Inchi zimetajwa hapa kwa sababu ndizo zinazoandikwa kwenye magongo yenyewe.

Baada ya kipimo cha kusimama, lazima mtoto apimwe katika mkao wa kucheza. Apinde magoti, ainamishe mgongo kidogo, mkono wa kushoto ushike juu ya mpini na wa kulia ushike katikati. Aukokote mpira hatua kumi. Gongo likiwa refu, ncha ya mpini itamgonga tumboni, viwiko vitapanuka kama mabawa, na mpira utakwenda mbali na miguu yake. Gongo likiwa fupi, atainama mno, mgongo utachoka, na macho yataganda ardhini hata asiwaone wenzake. Mwalimu anayeujua mkao huu anaweza kutambua gongo lisilofaa akiwa upande wa pili wa uwanja.

Hapa inafaa kutoa onyo. Wazazi wengi humnunulia mtoto sare kubwa ili aikulie. Katika nguo desturi hiyo ni busara ya matumizi ya fedha. Katika gongo ni hasara, kwa maana mtoto atacheza vibaya kwa mwaka mzima akisubiri kukua, na atakapokua mazoea mabaya yatakuwa yamekwisha kuota mizizi. Mtoto akiwa kati ya vipimo viwili, achukue lile fupi.

(c) Uzito

Mtoto anyooshe mkono wa kushoto mbele, usawa wa bega, akiwa ameshika gongo kwa mkono huo peke yake, gongo likielekea mbele. Mwalimu ahesabu polepole mpaka kumi. Mkono ukianza kutetemeka au kichwa cha gongo kikishuka kabla ya hesabu kwisha, gongo hilo ni zito kwake. Tunapima mkono wa kushoto kwa sababu ndio unaoongoza na kuligeuza gongo. Mkono wa kulia husaidia kusukuma.

(d) Mtoto atumiaye mkono wa kushoto

Mwanachuo ataulizwa swali hili katika juma lake la kwanza la mazoezi ya kufundisha: je, mtoto atumiaye mkono wa kushoto apewe gongo gani? Jibu ni kwamba magongo yote ya mchezo huu yana upande bapa kushoto, na wachezaji wote hushika kwa namna moja. Mtoto huyo asionewe huruma wala asikatazwe kucheza. Kazi kubwa ya kuligeuza gongo hufanywa na mkono wa kushoto ulio juu, na huo ndio mkono wake mwepesi. Mara nyingi huwatangulia wenzake katika kuukokota mpira. Mwalimu amweleze jambo hilo waziwazi, ili asidhani kuwa kushika gongo kama wengine ni adhabu ya kuwa tofauti.

(e) Vitu linavyotengenezwa

Kwa miaka mingi magongo yalitengenezwa kwa mti wa mforsadi, hasa nchini India na Pakistan. Siku hizi mengi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo na za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Kadiri kaboni inavyozidi, ndivyo gongo linavyokuwa gumu na kupiga kwa nguvu. Sifa hiyo humfaa mchezaji mzoefu. Mwanafunzi anayeanza, ambaye bado hupiga mpira kwa ukingo au kwa ncha, hutikiswa viganja na gongo la namna hiyo. Afadhali apewe la mbao, au la nyuzi za kioo lenye kaboni kidogo. Jambo la kufurahisha ni kwamba magongo hayo ndiyo ya bei nafuu.

(f) Mpini

Mpini huzungushiwa utepe ili usiteleze. Mtoto aushike kwa mkono mmoja. Ncha za vidole zikaribie kiganja bila kujikita ndani yake. Vidole vikishindwa kuuzunguka, utepe upunguzwe au uwekwe mwembamba. Utepe mpya hufungwa kuanzia juu ya mpini kuteremka chini, kila mzunguko ukifunika sehemu ya mzunguko uliotangulia, na mwisho ukazwe kwa utepe wa gundi. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuifanya kazi hii wenyewe.

(g) Gongo lililokwisha kutumika

Gongo kuukuu si gongo baya, lakini lazima likaguliwe. Mwalimu alipitishie kitambaa cha pamba kuanzia juu hadi chini: pale kitambaa kinaponasa pana vibanzi. Kisha aligonge polepole ardhini na kusikiliza. Sauti ikiwa kavu na ya kupasuka, au mkono ukihisi mtetemo usio wa kawaida, gongo lina ufa ndani. Mkwaruzo mdogo katika mbao husuguliwa kwa msasa. Gongo la nyuzi lililochanika lisisuguliwe na watoto, kwa kuwa vumbi na vibanzi vyake huchoma ngozi. Na kichwa kilichopasuka kisifungwe utepe na kurudishwa uwanjani. Gongo hilo limekwisha kazi.

2. KINGA ZA MWILI

(a) Kinga ya ugoko

Mfupa wa mbele wa mguu, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo, hauna nyama ya kuukinga. Ndio unaopigwa zaidi na mpira na magongo. Kinga yake huvaliwa ndani ya soksi ndefu. Kipimo chake kipatikane hivi: mtoto aketi, mwalimu apime kwa futi ya fundi cherehani kuanzia chini ya goti hadi juu ya kiatu. Kinga iishie kama sentimita 3 chini ya goti, ili goti lipinde bila kuzuiwa. Upana wake ufunike mfupa wote wa mbele, na chini ifike kwenye kifundo. Zilizo na kipande cha kufunika vifundo ni bora zaidi. Baada ya kuivaa, mtoto akimbie na kuchuchumaa. Ikizunguka kwenda ubavuni ni kubwa. Ikiacha alama nyekundu kwenye ngozi ni ndogo.

(b) Kinga ya meno

Aina iliyo nafuu hulainishwa katika maji ya moto, kisha huumwa ili ichukue umbo la meno. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji, na kinga ipoe kiasi kabla ya kuingizwa kinywani. Kinga iliyokaa vizuri haidondoki mtoto anapofungua kinywa, na humruhusu kupumua na kusema. Watoto wa shule ya msingi wangali wanabadilisha meno, hivyo ikaguliwe kila muhula. Kinga hii ni ya mtu mmoja tu. Haiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

(c) Glavu

Mkono wa kushoto hukaribia ardhi mchezaji anapolaza gongo kuuzuia mpira, na vifundo vya vidole huchunika. Glavu moja ya mkono huo inasaidia, hasa katika viwanja vigumu. Si sharti la kwanza. Fedha ikiwa haba, inunuliwe mwisho.

3. VIATU

Mtoto asicheze mchezo huu pekupeku, hata kama amezoea kucheza kandanda hivyo. Gongo la mwenzake na mpira mgumu havitofautishi unyayo na nyasi. Kwenye nyasi au udongo mkavu, raba ya kawaida yenye soli isiyoteleza inatosha. Kwenye nyasi zenye unyevu, viatu vyenye njumu fupi za mpira vinashika vizuri zaidi. Njumu za chuma zisitumike. Mtoto avijaribu akiwa amevaa soksi za mchezo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba. Kisigino kisipande wala kushuka anapotembea.

4. MPIRA

Mpira rasmi una mzingo wa milimita 224 hadi 235 na uzito wa gramu 156 hadi 163. Ni mgumu, na ukirushwa kwa nguvu unaweza kuvunja jino au mfupa. Wanaoanza waanze na mpira wa tenisi, au mpira wa plastiki ulio mwepesi. Viwanja vya shule zetu vingi vina mabonde na mashina ya nyasi, nao mpira mgumu ukigonga shina huruka bila taarifa. Sababu hiyo peke yake yatosha kumfanya mwalimu asiharakishe kuutumia.

5. MLINDA MLANGO

Mlinda mlango huhitaji kofia ngumu yenye wavu wa uso, kinga ya koo, kinga ya kifua, kinga nene za miguu na za nyayo, na kinga za mikono yote miwili. Vifaa hivi ni ghali, na kimoja kikikosekana vingine havitoshi. Shule isiyo navyo isiweke mlinda mlango. Ipange milango miwili midogo, kila mmoja ukiwa na upana wa hatua mbili, na bao lihesabiwe mpira unaposukumwa taratibu ukiwa ardhini. Kumsimamisha mtoto langoni akiwa na kofia ya pikipiki na mito ya kitanda si ubunifu. Ni hatari.

6. KUGAWA VIFAA KWA DARASA ZIMA

Tuchukue mfano wa darasa lenye watoto 40 na shule yenye uwezo wa kununua magongo 10. Kosa la kawaida ni kununua yote ya kipimo kimoja kwa kisingizio cha usawa. Mwalimu apime kwanza vimo vya wote na kuvipanga katika makundi. Tuseme amepata hivi:

Chini ya sm 120: watoto 3
Sm 120 hadi 129: watoto 9
Sm 130 hadi 139: watoto 16
Sm 140 hadi 149: watoto 9
Sm 150 hadi 159: watoto 3

Kila watoto wanne wanapata gongo moja. Akigawa kila kundi kwa nne na kukadiria kwa namba nzima iliyo karibu, atanunua gongo 1 la inchi 28, magongo 2 ya inchi 30, 4 ya inchi 32, 2 ya inchi 34, na 1 la inchi 35. Jumla ni 10. Mwisho wa kila mpini apake rangi, kila kipimo rangi yake, na jina la mtoto katika orodha liwekewe rangi hiyo hiyo. Kuanzia hapo mtoto hachagui gongo kwa kukimbilia; huifuata rangi yake. Vimo vipimwe upya kila mwanzo wa muhula.

Kwa kuwa wanaocheza kwa wakati mmoja hawazidi 10, jozi 10 za kinga za ugoko za vipimo mbalimbali zinatosha, mradi zifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na kuanikwa baada ya kipindi. Zoezi la kupima ni somo zuri la hisabati. Watoto wapimane wenyewe, waandike, na wachore grafu ya nguzo.

7. KIASI CHA MCHEZO KULINGANA NA VIFAA

Mwalimu ajiulize kila siku: leo nina nini? Kisha achague daraja linalolingana na jibu.

Daraja la kwanza: magongo yanayofaa, viatu na mpira laini. Watoto waukokote mpira, wasukumiane na kuupokea. Wasinyang'anyane, na gongo lisiinuliwe juu ya goti.

Daraja la pili: zikiongezeka kinga za ugoko. Mchezo mdogo wa watoto wanne kwa wanne uruhusiwe, kwa mpira laini, bila mlinda mlango, na kwa kusukuma tu.

Daraja la tatu: kila mchezaji akiwa na kinga yake ya meno. Mpira mgumu unaweza kuanza kutumika, bado kwa kusukuma chini.

Daraja la nne: mlinda mlango akiwa na vifaa vyote. Hapo ndipo mapigo ya kulenga mlango yafundishwe.

Shule nyingi zitabaki daraja la kwanza au la pili kwa miaka kadhaa. Hilo si jambo la kuonea haya. Mtoto aliyejifunza kuukokota na kuupokea mpira kwa gongo la kimo chake ameupata msingi wa mchezo wote.

8. MPANGO WA KIPINDI CHA KWANZA (DAKIKA 40)

Dakika 5: Watoto wapashe mwili moto kwa kukimbia taratibu na kunyoosha viungo.

Dakika 10: Mwalimu aonyeshe kipimo cha nyonga kwa mtoto mmoja. Watoto wapimane wawili wawili, kila mmoja apate rangi yake.

Dakika 5: Mwalimu aonyeshe namna ya kushika gongo. Watoto wabebe magongo kwa mikono miwili, vichwa vikiwa chini.

Dakika 15: Makundi ya wanne wanne yapangwe kwa kimo. Mmoja akokote mpira hatua kumi kwenda na kurudi. Wa pili aangalie viwiko, wa tatu aangalie mgongo, wa nne ahesabu hatua. Kisha wabadilishane. Kwa njia hii hakuna asiye na kazi ingawa gongo ni moja.

Dakika 5: Vifaa vikusanywe, vihesabiwe na kufutwa. Magongo ya mbao yahifadhiwe mahali pakavu, mbali na jua kali.

HITIMISHO

Mwanachuo atakapofika katika shule yake ya kwanza, huenda asikute hata nusu ya vifaa vilivyotajwa hapa. Asikate tamaa, wala asijifanye anavyo. Aanze kwa kupima vimo, aorodheshe alivyo navyo, aviondoe vilivyo hatari, na achague daraja la mchezo linalostahili. Mkuu wa shule na kamati ya wazazi humsikiliza upesi zaidi mwalimu anayeleta orodha yenye vipimo na sababu kuliko anayelalamika kwamba vifaa havitoshi. Na kabla hajaandika katika taarifa ya muhula kwamba mtoto fulani hawezi kucheza, amsimamishe kwanza ubavuni mwa gongo lake, atazame linapoishia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza dalili tatu zinazoonyesha kuwa mtoto anatumia gongo refu kuliko kimo chake.

2. Mzazi amemnunulia mwanawe gongo la inchi 36 "ili alikulie". Mtoto ana kimo cha sentimita 136. Utamweleza nini mzazi huyo kwa heshima, na mtoto utampangia nini katika kipindi?

3. Shule yako ina magongo 8, mipira ya tenisi 6, na haina kinga yoyote. Andaa kipindi cha dakika 40 kwa watoto 32.

4. Pima vimo vya wanachuo wenzako 20, kisha uandike orodha ya magongo ambayo chuo kingenunua ikiwa fedha inatosha magongo 5 tu. Toa sababu za uchaguzi wako.